Huna Picha, Basi Hukuona?

Mtu akisema jana usiku ameona kimondo kikubwa, kilichomulika uwanja mzima hadi kivuli cha mwembe kikalala chini, atapigwa maswali mawili. La kwanza: picha iko wapi? La pili: NASA wamesemaje? Akikosa majibu, kesi imekwisha. Wapole watamwambia usingizi ulimzidi, wakali watamwuliza alikunywa nini. Na yeye, kwa kuwa kweli hana picha wala tamko la Marekani, baada ya siku tatu ataanza kujishuku mwenyewe.

Maswali hayo yana sura ya usomi, ndiyo maana yanatisha. Yamejengwa juu ya imani iliyoenea mijini na hata vyuoni, kwamba mambo ya anga ni ya wenye mitambo, na kwamba jicho tupu la mlinzi, mvuvi au dereva wa lori, hata likiona, halijaona kitu cha maana. Naipinga imani hiyo. Kwa upande wa vimondo vikali, shahidi wa kawaida ndiye aliyeizaa elimu yenyewe, tena baada ya wasomi kumkejeli kwa miaka mingi. Na hadi leo, pamoja na mitambo yote iliyopo, elimu hiyo haijaweza kumwacha nyuma.

Tuanze na mitambo. Wengi hudhani darubini kubwa inaona anga lote. Sivyo. Darubini kubwa huona mbali kwa sababu imekubali kutazama mahali padogo. Nyingi kati ya hizo hukazia kipande cha anga kisichozidi upana wa mwezi mpevu, na hukaa hapo kwa muda mrefu zikikusanya mwanga hafifu wa nyota za mbali. Kimondo kikali, yaani kile kinachong'aa kuliko sayari ya Zuhura, hudumu sekunde tatu au nne, mara chache kumi, na hupita popote kinapotaka. Kupita kwake mbele ya darubini ni bahati tu. Anayeliona anga karibu lote kwa wakati mmoja ni mtu aliyesimama uwanjani bila kitu mkononi.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ni tarehe 15 Februari 2013. Siku hiyo wanaanga wa dunia nzima walikuwa macho, wakisubiri asteroidi iliyoitwa 2012 DA14 ipite umbali wa kilomita zipatazo 27,700 kutoka uso wa dunia. Njia yake ilikuwa imepigiwa hesabu, saa ilijulikana, darubini zilikuwa tayari. Saa zipatazo 16 kabla haijapita, jiwe jingine kabisa, lenye upana wa mita kama 20, likaingia juu ya mji wa Chelyabinsk nchini Urusi kwa mwendo wa kilomita 19 kwa sekunde. Lilitokea upande wa jua, ambako darubini haziwezi kutazama, na hakuna aliyelitangaza. Waliolirekodi ni madereva waliokuwa na kamera kwenye magari yao, pamoja na kamera za ulinzi za maduka na majengo. Wanasayansi walizichukua video hizo, wakaenda mahali zilipopigwa, wakapima pembe za nguzo na mapaa yaliyoonekana ndani yake, na kutokana na hapo wakapata njia ya jiwe lile angani hadi mzunguko wake kulizunguka jua.

Atatokea wa kuniambia: haya, darubini tumeziacha, lakini setilaiti je? Ni kweli, Marekani ina setilaiti zinazonasa mimweko mikubwa angani, na baadhi ya takwimu zake hutangazwa. Lakini zinanasa vikubwa. Kimondo cha kukufanya uache sahani ya ugali na kusimama si lazima kiwe kikubwa kiasi cha kuandikwa na setilaiti. Kwa hiyo ukisikia "NASA hawajasema kitu," elewa kwamba maana yake ni hiyo hiyo tu: hawajasema kitu. Kimya cha ofisi iliyo Washington hakithibitishi wala hakikanushi kilichopita juu ya Singida.

Sasa turudi nyuma, maana hapa ndipo penye funzo lenyewe. Mwaka 1768 wavunaji waliokuwa shambani huko Lucé, Ufaransa, walisikia mshindo, wakaona jiwe likianguka, wakalikuta likiwa na joto. Jiwe lilipelekwa Paris kwenye Akademia ya Sayansi, likachunguzwa na wakemia watatu, mmoja wao Antoine Lavoisier, ambaye hakuwa mtu mdogo. Walilipima, wakalipasua, wakaandika taarifa yenye ustadi. Hitimisho lao: jiwe halikutoka mbinguni, ni jiwe la ardhini lililopigwa na radi. Kipimo kilikuwa safi, ila neno la waliokuwepo liliwekwa kando. Mwaka 1790 mawe yakaanguka tena, safari hii Barbotan, kusini-magharibi mwa nchi hiyo hiyo. Meya wa huko akakusanya kiapo cha watu zaidi ya 300. Msomi mmoja alipokisoma kiapo hicho aliuhurumia mji kwa kupata meya mjinga kiasi cha kuandika hadithi kama ile.

Aliyewasikiliza mashahidi alikuwa Mjerumani Ernst Chladni, mtu wa elimu ya sauti aliyekuwa pia amesomea sheria. Usheria wake ulimsaidia. Alikusanya masimulizi ya mioto ya angani na mawe yaliyoanguka, ya nchi mbalimbali na karne mbalimbali, akayasoma jinsi hakimu anavyosoma maelezo ya mashahidi. Akaona kwamba watu wasiojuana, wasiosema lugha moja, waliotengana kwa mamia ya miaka, wanasimulia jambo lile lile kwa utaratibu ule ule: mwanga, moshi, ngurumo, kisha mawe meusi kwa nje. Mwaka 1794 akachapisha kitabu kidogo akisema mawe haya yanatoka nje ya dunia. Alichekwa. Miaka tisa baadaye, tarehe 26 Aprili 1803, mawe yapatayo 3,000 yaliangukia mji wa L'Aigle, Normandy, na serikali ikamtuma kijana Jean-Baptiste Biot kwenda kuchunguza. Biot hakubeba darubini. Alipita kijiji kwa kijiji akiuliza watu, wa kazi tofauti na imani tofauti, akilinganisha majibu, akitia alama kila mahali jiwe lilipookotwa. Taarifa yake ikamaliza ubishi uliokuwa umewashinda wenye maabara.

Mashahidi hawakudhulumiwa kwenye mawe peke yake. Kwa karne nyingi watu wamesema kwamba kimondo kikali kinapopita husikia mchakacho, kama kitu kinachokaangwa, papo hapo na mwanga. Mwaka 1719 Edmond Halley, yule wa nyota ya mkia, aliona kwamba hiyo ni dhana ya akili tu, kwa kuwa sauti kutoka umbali ule ingehitaji dakika kadhaa kufika. Hoja yake ilikuwa nzuri, ila haikuwa kamili. Mwaka 1980 Colin Keay wa Australia alieleza jinsi mawimbi ya redio yanavyoweza kufika papo hapo na kutikisa vitu vilivyo karibu na msikilizaji. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani wakaonyesha njia nyingine: mwanga unaomemeteka unaweza kupasha joto nywele, nguo au majani hadi vitoe sauti. Ubishi juu ya ipi kati ya njia hizo ina nguvu zaidi unaendelea. Lakini kusema kwamba watu wote wale waliota ndoto si rahisi tena.

Kwetu huku mfano bora uko Songwe, na karibu kila mtu huutafuta mahali pasipo penyewe. Ukitaja kimondo Tanzania, utatajiwa cha Mbozi, lile pande la chuma la tani zipatazo 16 ambalo wanafunzi hupelekwa kulitazama na wageni hulipanda wapigwe picha. Ni pande la fahari, silibezi. Lakini hakuna kumbukumbu ya mtu aliyeliona likianguka. Kwa elimu ya mfumo wa jua, jiwe la maana zaidi la mkoa huo ni dogo, lenye uzito wa gramu 705 tu, lililoanguka Ivuna, upande wa Ziwa Rukwa, tarehe 16 Desemba 1938. Lilionekana, likaokotwa. Jina la kijiji hicho cha Tanganyika leo limo katika kila kitabu cha fani hii duniani, kwa sababu kundi zima la mawe ya aina hiyo linaitwa kwa herufi ya kwanza ya Ivuna.

Kundi hilo lina nini? Mchanganyiko wake wa elementi, ukiondoa gesi nyepesi na nyingine chache, unakaribiana mno na ule wa jua lenyewe. Yaani ni masalia ya udongo ambao sayari zilifinyangwa kwao. Japani walipotuma chombo cha Hayabusa2 hadi kwenye asteroidi ya Ryugu, kikarudi Desemba 2020 na gramu 5.4 za mchanga, wataalamu walipouchunguza walisema unafanana zaidi na mawe ya kundi la Ivuna. Walitumia miaka sita ya safari ya angani kupata kidogo cha kile ambacho wanakijiji wa Ivuna walikipata jioni moja kwa kutazama juu.

Sasa sikiliza jambo hili. Mawe ya aina hiyo ni laini, yakilowa husambaratika na kuwa tope. Katika zaidi ya karne mbili, yaliyoshuhudiwa yakianguka ni matano tu duniani kote, na moja kati ya hayo, la Revelstoke nchini Kanada mwaka 1965, liliokotwa kama gramu moja juu ya barafu ya ziwa. La Ivuna lilianguka Desemba, majira ya mvua. Kama hakuna aliyekuwa nje, au kama aliyekuwa nje angeambiwa kwanza alete picha, jiwe lile lingekuwa matope ya shambani.

Uganda nako, tarehe 14 Agosti 1992, mvua ya mawe ya angani iliunyeshea mji wa Mbale. Watafiti wa Uganda na Uholanzi waliofika baadaye waliongozwa na wenyeji: hapa liligonga bati, pale lilitoboa shimo. Kijana mmoja alipigwa kichwani na kipande cha gramu chache kilichokuwa kimepunguzwa kasi na majani ya mgomba, na hakuumia. Na hata pale mitambo ilipotangulia, neno la watu lilihitajika. Oktoba 2008, kwa mara ya kwanza katika historia, asteroidi ndogo iligunduliwa kabla ya kuingia duniani, kwa tofauti ya saa zipatazo 20. Iliangukia jangwa la Nubia, Sudan. Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum na mwenzake Peter Jenniskens walikuwa na hesabu za njia yake mkononi, na bado walikwenda kuwauliza waliouona moto ule, kisha wanafunzi wa chuo wakajipanga mstari jangwani wakatembea wakitazama chini. Vipande wakavipata.

Kuhusu picha, niseme ukweli ambao wengi tunaujua na hatuutumii. Kila kimondo kinaporipotiwa mahali, haichukui saa moja kabla video ya Chelyabinsk haijaanza kusambaa kwenye simu, imebandikwa jina la mji wa karibu. Siku hizi hata haihitajiki video ya zamani, mtu anaweza kutengenezewa mpya na kompyuta. Mdai picha kwa hiyo anadai kitu ambacho ndicho rahisi zaidi kughushiwa. Lakini maelezo ya mtu anayesema "nilikuwa nimesimama hapa, saa mbili na dakika kumi na nne, kilitokea juu ya mnara wa simu kikazimikia juu ya paa la kanisa" yanaweza kupimwa. Mtu wa pili, aliye mji mwingine, akitoa yake, uongo wa mmoja utajulikana, maana mistari haitakutana.

Hapa lazima nimkubalie mpinzani wangu nusu ya hoja yake. Shahidi hukosea, na hukosea mahali pale pale kila mara: umbali. Hakuna kauli iliyozoeleka kama "kimeanguka nyuma ya kile kilima." Karibu kila mara si kweli. Kimondo huanza kuwaka kikiwa juu kama kilomita 100, na hata kikubwa chenye kuacha jiwe kwa kawaida huzimika kikiwa bado juu kilomita 20 au 30. Kuanzia hapo jiwe huanguka bila mwanga, kwa dakika kadhaa, likisukumwa na upepo. Uliyeona mwanga ukishuka hadi ukazama nyuma ya kilima, kilichofichwa na kilima kiko mamia ya kilomita kutoka hapo. Gizani jicho halina cha kulinganishia, likidhani kitu ni kidogo hukileta karibu. Ukubwa nao ni hivyo hivyo: "kama nyumba," "kama tairi la lori," maneno hayo hayana kazi.

Lakini kosa la umbali halifuti usahihi wa mwelekeo. Tuseme mtu wa Morogoro ameona kimondo kikimweka kaskazini-mashariki, kwa kuelekea kidogo mashariki, juu ya upeo wa macho kiasi cha ngumi tatu zilizopangwa mkono ukiwa umenyooshwa. Wakati huo huo mtu wa Tanga amekiona upande wa kusini-kusini-magharibi, ngumi tatu na nusu. Wa Morogoro ataapa kimeangukia Ngerengere, wa Tanga ataapa kimeingia baharini Pangani, na wote wawili watakuwa wamekosea. Lakini ukichukua ramani ukachora mstari kutoka kila mji, inakutana pande za Saadani; na kwa kuwa ngumi moja ni kama nyuzi 10, hesabu ya shule ya sekondari inakupa kimo cha kilomita zipatazo 80. Makosa mawili ya umbali yamezaa jibu moja sahihi, kwa sababu tuliwauliza walichokiona, tukaacha walichokidhani. Mwaka 1833, vimondo vilipomiminika Amerika Kaskazini usiku wa Novemba, Denison Olmsted wa Yale aliomba kupitia magazeti watu wamwandikie walivyoona. Kwa barua hizo, pamoja na alichokiona mwenyewe, alionyesha kwamba vyote vilitokea sehemu moja ya anga, kwenye kundi la nyota la Simba, na fani ya vimondo ikapata msingi.

Muda wa kuonekana nao unasema mengi. Desemba 2024 pete ya chuma yenye uzito wa kilo zipatazo 500 iliangukia kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, na shirika la anga la Kenya likaeleza kwamba ni sehemu ya roketi. Takataka za namna hiyo zitazidi. Zinapowaka usiku huenda polepole, karibu kulala, huku zikimeguka, na huweza kuonekana kwa nusu dakika au zaidi. Kimondo cha kweli humalizika kabla hujamwita jirani. Kwa hiyo aliyehesabu sekunde kimoyomoyo amekwisha kufanya nusu ya kazi ya uchunguzi.

Wako pia waliofundishwa madrasa kwamba vimondo ni vya kuwarushia mashetani, na sina ugomvi nao hapa. Anayeamini hivyo anaweza kuelekeza kidole upande kilikotokea sawasawa na asiyeamini.

Tena hatuna upungufu wa mashahidi. Wavuvi wa dagaa hutoka na taa zao usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, na hizo ndizo hasa siku nzuri za kuona vimondo. Walinzi wanakesha. Madereva wa malori wako njiani kati ya Tunduma na Dar es Salaam usiku kucha. Tulichokosa ni mtu wa kuwauliza maswali yanayofaa kabla kumbukumbu haijachafuliwa na stori za wengine.

Nawaomba watangazaji wa redio, ambao ndio hupigiwa simu kabla ya mtu yeyote. Kikionekana kimondo kikali, msikimbilie kumleta studio mtaalamu wa kusema huenda ilikuwa ndege. Waulizeni wasikilizaji walikuwa wamesimama wapi, saa ngapi kwa saa ya simu, kilianzia juu ya nini na kikaishia juu ya nini, kilidumu sekunde ngapi, na kama kulikuwa na mshindo, ulichelewa kiasi gani. Mkiwapata walioona mwanga na bado hawajasikia mshindo, waambieni kwanza wakae mbali na vioo: Chelyabinsk watu walikimbilia madirishani kutazama mwanga, wimbi la mlipuko likafika baada ya dakika mbili na zaidi, na watu wapatao 1,500 wakatafuta matibabu, wengi kwa mikato ya vioo. Nawe msomaji, ukikiona, rudi kesho yake pale pale uliposimama, nyoosha mkono, pima ngumi, uandike kabla hujafungua WhatsApp. Jumuiya ya Kimataifa ya Vimondo inapokea taarifa za namna hiyo mtandaoni kutoka kwa mtu yeyote. Na fanya haraka, maana jiwe la aina ya Ivuna likishanyeshewa, hata maelezo mazuri namna gani hayatalirudisha.